KIFUNIKO CHA KLACHI SI PAMBO

Tundu lenyewe halikuzidi ukubwa wa punje ya harage. Lilikuwa upande wa kulia wa injini, karibu na mahali mguu wa dereva unapokanyaga breki, na kama si michirizi myeusi ya mafuta iliyotapakaa juu ya mawe ya korongo, pengine tusingejua kamwe ni wapi lilipopatikana. Dereva mwenyewe hakuliona. Pikipiki yake ya magurudumu manne ililala ubavu alipokuwa akivuka korongo lile wakati wa magharibi. Akajikung'uta vumbi, akaiinua, akaiwasha na kuendelea na safari, kwa maana alikuwa ametumwa kambini kuleta gari la wagonjwa. Mwenzetu mmoja alikuwa amevunjika paja katika mazoezi, na redio zetu zilikuwa hazishiki kwa sababu ya vilima. Kilometa 3 baada ya korongo injini ilianza kugonga, ikapoteza nguvu, kisha ikakwama kabisa. Kilometa 11 zilizosalia dereva alizikata kwa miguu gizani. Gari la wagonjwa lilitufikia alfajiri, nasi usiku kucha tulikuwa tumekaa na majeruhi aliyeuma mkanda wa bunduki asipige kelele.

Alipona, na leo anatembea bila mkongojo. Lakini mimi, niliyekuwa luteni na mkuu wa kundi lile, niliamriwa kuandika taarifa ya ajali, na ilinilazimu kwa mara ya kwanza maishani mwangu kwenda karakana kuuliza kifuniko cha klachi ni kitu gani. Katika shule ya makadeti tulifundishwa kusoma ramani, kuongoza watu na kufunga kamba za viatu kwa namna moja. Kuhusu klachi tulifundishwa kuikanyaga tu.

Pikipiki hizi si kitu cha jana. Kampuni ya Honda ilianza kuuza ile ya magurudumu 3 mwaka 1970. Suzuki ikaleta ya magurudumu 4 mwanzoni mwa miaka ya 1980, na mwaka 1988 watengenezaji walikubaliana na serikali ya Marekani kuacha kuuza zile za magurudumu 3 nchini humo, kwa jinsi zilivyokuwa zikipindua watu. Zilibuniwa kwa ajili ya michezo na kazi za shamba, lakini haikuchukua muda kwa wanajeshi kuona kwamba chombo kinachopita mahali ambapo lori halipiti kina kazi vitani. Wanajeshi wa Uingereza walipokuwa katika jimbo la Helmand, Afghanistan, walizifunga tela nyuma na kuzitumia kupeleka maji na risasi kwa walio mbele, na kurudi na majeruhi. Basi mtu asidhani kwamba tunazungumzia mchanga wa pwani na watalii. Chombo kinachobeba majeruhi kikikwama njiani, mwenye kuulipa ukwamaji huo ni majeruhi.

Sasa tuingie ndani ya injini. Klachi ndiyo inayounganisha nguvu ya injini na giaboksi, na kuzitenganisha dereva anapotaka kubadili gia. Katika pikipiki za aina ya michezo, kama vile Yamaha YFZ450 na Honda TRX450R, ambazo zote mbili zilianza na modeli ya mwaka 2004, klachi ni rundo la sahani za duara zilizopangwa kwa zamu: moja ya chuma kitupu, inayofuata imebandikwa vipande vya kushika, kisha ya chuma tena, hivyo hivyo hadi mwisho. Rundo hilo hukaa ndani ya kikapu cha chuma, nalo hubanwa kutoka nje na sahani ya kugandamiza inayosukumwa na springi. Dereva akivuta mkono wa klachi, sahani hiyo huachia. Akiuachia mkono, hubana tena. Na yote haya hufanyika ndani ya mafuta. Klachi ya namna hii huoga mafuta wakati wote, na mafuta hayo ndiyo yanayoipoza.

Hapo ndipo kifuniko kinapoingia. Ni ubao wa duara wa madini mepesi unaofungwa kwa bolti juu ya klachi, upande wa kulia. Kazi yake ni kuzuia mafuta yasitoke na vumbi lisiingie. Katika YFZ450 mafuta ya klachi ndiyo mafuta yale yale ya injini nzima, kwa hiyo kifuniko kikitoboka injini yote hubaki kavu. Katika TRX450R injini ina mafuta yake na giaboksi pamoja na klachi vina mafuta yake, hivyo tundu la aina hiyo hukausha giaboksi na klachi kabla ya kitu kingine. Dereva anapaswa kujua chombo chake ni cha namna ipi, kwa sababu ndilo litakaloamua kama anaweza kujikongoja kidogo au azime papo hapo. Sisi tulikuwa na ya namna ya kwanza.

Je, tundu letu lilitokana na jiwe? Taarifa yangu ya kwanza ilisema hivyo, nayo ilikosea. Sajini aliyekuwa mkuu wa karakana, mtu mzima aliyeanza kushika spana kabla mimi sijaanza kusoma, alinipeleka mbele ya chombo na kunionyesha pedeli ya breki. Ilikuwa imepinda kuelekea ndani. "Afande," aliniambia, "jiwe liligonga pedeli, na pedeli ikagonga kifuniko. Ncha yake hii hapa, na tundu lile pale. Pima mwenyewe." Nikapima, navyo vikalingana. Tangu siku hiyo nimeona vifuniko vingine kadhaa vilivyotobolewa kwa njia hiyo hiyo, na ndiyo maana nasema mwenye kutaka kulinda klachi aanze na pedeli: ikipinda inyoshwe au ibadilishwe, na ibaki na nafasi ya kutosha kutoka kwenye kifuniko hata ikikanyagwa mpaka mwisho.

Vifuniko vinavyotoka kiwandani pamoja na chombo kwa kawaida huwa vimesubiwa katika kalibu, navyo ni vyembamba ili uzito upungue. Baadhi si vya alumini bali vya magnesiamu, ambayo kwa ujazo ule ule uzito wake ni kama theluthi mbili tu ya uzito wa alumini. Ni madini mazuri kwa mashindano, lakini hayapendi maji ya chumvi wala matope. Buti la dereva likisugua rangi ikatoka, magnesiamu iliyo wazi huanza kuota unga mweupe, na unga huo ni kutu yake. Ndiyo sababu limezuka soko kubwa la vifuniko vya badala, yaani vile vinavyotengenezwa na viwanda vingine mbali na kile kilichounda chombo. Vilivyo bora huchongwa kwa mashine kutoka katika kipande kizito cha alumini, vikawa vinene kuliko vya asili, kisha sura yake ikafanywa ngumu kwa kuzamishwa katika asidi na kupitishiwa umeme ili buti lisiichubue upesi. Baadhi vina kina zaidi ili vihifadhi mafuta mengi zaidi, na vingine huachiwa nafasi ndani kwa ajili ya klachi za kujiendesha ambazo sahani yake ya kugandamiza ni nene.

Vipo pia vyenye rangi nyekundu na buluu na mapezi ya kupunga joto. Juu ya rangi sina neno, ila askari anayekwenda doria hahitaji kifuniko kinachometa. Kuhusu mapezi, yakijaa matope hayapozi kitu, na matope ndiyo makao ya vyombo vyetu.

Neno moja la tahadhari kabla ya kununua. Kifuniko kigumu hakiifuti nguvu ya pigo. Kile chembamba huvunjika, na nguvu nyingi huishia katika kuvunjika huko. Kile kinene hukataa kuvunjika, na nguvu ikapita kwenda kwenye bolti na kwenye mwili wa injini vinakofungwa. Kwa mapigo madogo ya kila siku, hasa yale ya pedeli na mawe yanayorushwa na gurudumu, kinene ni bora bila shaka yoyote. Lakini baada ya pigo kubwa mtu asitazame kifuniko peke yake akasema kizima. Atazame pia masikio ya injini yanayoshika bolti, maana mwili wa injini ukipata ufa gharama yake si ya kifuniko tena.

Injini yetu ilifufuliwa kwa gharama ambayo sitaitaja, na kifuniko kipya cha alumini kikanunuliwa. Hapo nami nikadhani mambo yamekwisha. Kilifika jioni, na kesho yake mkuu wa kikosi alikuwa anakuja kukagua. Sajini alikuwa safarini. Mimi na askari wawili tukaamua kukifunga wenyewe usiku ule kwa mwanga wa tochi, mimi nikiwa mshika tochi na mhimizaji. Tulitumia mpira wa zamani kwa sababu ulionekana mzima. Tulifuta kingo kwa kitambaa kilichokuwa chini kwenye mchanga. Tulikaza kwa spana ndefu kwa nguvu zetu zote, tukidhani kukaza sana ndiko kukaza vizuri. Bolti moja ikakata meno ya injini, tukaiacha vivyo hivyo, tukasema zilizosalia zinatosha. Kisha tukajaza mafuta ya gari dogo yaliyokuwa stoo.

Asubuhi chombo kiling'aa. Kilipita mbele ya mkuu wa kikosi vizuri mno. Siku ya pili yake, kikipanda mlima na mzigo, injini ilianza kunguruma kwa sauti kubwa bila chombo kusogea, na chini ya kifuniko kipya tone baada ya tone lilikuwa likianguka mchangani.

Sajini aliporudi alikizunguka mara mbili kwa kimya, kisha akasema: "Afande, kifuniko ni kizuri. Tatizo ni waliokifunga." Nikamwomba anifundishe tangu mwanzo, naye akanifundisha, akiwa mpole kuliko nilivyostahili.

Kwanza, alisema, kazi haianzii kwenye bolti bali kwenye maji. Chombo kioshwe, hasa sehemu ya juu ya kifuniko na fremu iliyo karibu, kwa kuwa kila punje ya mchanga iliyoachwa juu itaanguka ndani mara klachi itakapokuwa wazi. Kisha kiachwe kikauke na injini ipoe. Waendesha pikipiki za magurudumu mawili huvilaza vyombo vyao ubavu wa kushoto ili mafuta yakimbilie upande wa pili. Kwa chombo cha magurudumu manne, ambacho ni kizito na huweza kumlalia mtu, Sajini hakupenda mchezo huo. Aliyamwaga mafuta yote katika chombo safi na kuyachungulia, maana mafuta yanayotoka huwa na habari: yakiwa na chembe zinazometa, au yakinuka kama kitu kilichoungua, kuna la kutafuta zaidi ya kifuniko.

Pedeli ya breki ikimzuia fundi afikie bolti, itolewe. Bolti zenyewe zilegezwe kwa zamu za kukingamana, kidogo kidogo, wala si moja kutolewa kabisa na jirani yake kubaki imekaza. Na hapa Sajini alinionyesha jambo ambalo tangu hapo nimeliiga hata kwa mambo mengine. Alichukua kipande cha boksi la karatasi ngumu, akachora juu yake umbo la kifuniko, akatoboa tundu kila mahali penye bolti, na kila bolti aliyoitoa akaichomeka katika tundu lake. Kwa injini ambazo bolti zake hazina urefu mmoja, huo ndio usalama wake. Bolti ndefu ikiingia mahali pa fupi hugota chini kabla haijabana chochote, na mtu akiendelea kukaza huvunja. Fupi ikiingia mahali pa ndefu hushika meno machache tu ya alumini na kuyang'oa. Kanuni ya mafundi ni kwamba katika alumini bolti inapaswa kushika kwa kina cha mara moja na nusu hadi mara mbili ya unene wake. Bolti ya milimita 6 basi ishike milimita 9 hadi 12. Kifuniko cha badala kilicho kinene mara nyingi huja na bolti zake zilizo ndefu zaidi; asiyezitazama akarudisha za zamani amekwisha kujitafutia hasara.

Kifuniko kikigoma kutoka, kigongwe taratibu kwa nyundo ya mpira au kipande cha mti. Bisibisi isichomekwe kamwe katika kiungio ili kukibandua. Mkwaruzo mmoja unaokatiza ukingo ule ni njia ya mafuta, na hautibiki kwa kukaza.

Kikishatoka, kitambaa safi hufunika klachi ili uchafu usiingie, ndipo kingo husafishwa. Kama kiungio ni cha gasketi ya karatasi, mabaki yake hukwanguliwa kwa kipande cha plastiki ngumu au mti, si kwa kisu. Kama ni cha mpira wa duara, ule ambao mafundi huuita oringi, wa zamani hutupwa. Sajini alichukua ule tulioutumia sisi akaukata kwa wembe na kunionyesha: ulikuwa bapa upande mmoja, umekwisha kuchukua umbo la kifuniko cha zamani, na punje mbili za mchanga zilikuwa zimezama ndani yake. Mpya hupakwa mafuta safi kidogo, ukalazwa katika mfereji wake bila kuvutwa wala kupindwa. Gamu ya silikoni haina kazi hapo. Inayotokeza kwa nje humwaibisha fundi, lakini inayotokeza kwa ndani hukatika na kusafiri na mafuta, mpaka ikazibe chujio.

Kuna hatua moja ambayo hata mafundi wengi huiruka, nayo ni ya lazima mtu anapofunga kifuniko ambacho si cha asili. Ni kuhakikisha kwamba ndani hakigusi. Sajini alichukua udongo laini wa kuchezea watoto wa shule, akabandika vidonge vidogo juu ya vichwa vya bolti za sahani ya kugandamiza, akaweka kifuniko na kukibana kwa bolti chache. Kisha akaniambia nivute mkono wa klachi mpaka mwisho na kuuachia. Sababu yake ni hii: katika klachi nyingi za namna hii, mkono ukivutwa sahani ya kugandamiza hutoka nje kidogo, na nafasi iliyoonekana ya kutosha ikapungua. Alipofungua tena tulitazama vidonge vilivyobonyea. Mahali pembamba kuliko pote palikuwa na milimita zaidi ya 2, naye akaridhika. Kama kidonge kingetobolewa kabisa, kifuniko kile kisingefungwa, uwe ukuu wa bei yake vyovyote. Udongo wote ukatolewa hadi chembe ya mwisho.

Ndipo kikafungwa. Pini ndogo za kuelekeza, kama chombo kinazo, ziwe mahali pake. Bolti zote zianzishwe kwa vidole. Isiyokubali kwa vidole isilazimishwe kwa spana. Kisha hukazwa kwa kukingamana, mzunguko wa kwanza kidogo, wa pili zaidi, wa tatu kwa spana ya kupimia nguvu. Kwa bolti za milimita 6 kiasi kinachoandikwa katika vitabu vingi vya watengenezaji ni newtoni-mita 10 hivi. Kwa lugha ya karakana, hiyo ni sawa na kuning'iniza uzito wa kilo 5 kwenye ncha ya spana yenye urefu wa sentimita 20. Nilipojaribu nilistaajabu. Sisi usiku ule tulikuwa tumeweka mara tatu au nne ya hapo. Kitabu cha chombo kikitaja kiasi kingine, kitabu ndicho kifuatwe. Na atakayepaka bolti grisi ya kuzuia zisigande akumbuke kwamba bolti iliyolainishwa hukaza zaidi kwa nguvu ile ile, hivyo apunguze.

Lile tundu tulilolikata meno lilichongwa upya na kutiwa kikombe cha nyuzi za chuma. Kazi ya nusu saa, iliyotokana na nusu dakika ya kiburi.

Mafuta yalikuwa kosa letu la mwisho, na pengine baya kuliko yote. Mafuta mengi ya magari ya petroli hutiwa dawa za kupunguza msuguano ili gari litumie petroli kidogo. Katika gari hilo ni jema, kwa kuwa klachi ya gari haiogi mafuta ya injini. Katika klachi inayoogelea, dawa hizo huzifanya sahani ziteleze, nazo zikiteleza huungua. Tangu mwaka 1998 Wajapani wana kiwango chao cha kupimia jambo hili. Mafuta yanayofaa klachi ya namna hii huandikwa JASO MA kwenye kopo. Mwenye dhamana ya stoo akiletewa kopo lisilo na herufi hizo na akaambiwa kwamba mafuta ni mafuta, alikatae. Sahani zetu zilipotolewa, zile za chuma zilikuwa zimegeuka rangi ya buluu kwa joto, na zote zikabadilishwa.

Baada ya kujaza, injini huwashwa na kuachwa inguruma taratibu mpaka ipate joto, huku kitambaa cheupe kikipitishwa kuzunguka kiungio chote. Huzimwa, kiasi cha mafuta kikatazamwa tena, kikaongezwa kama kimeshuka. Baada ya safari ya kwanza bolti hupimwa mara nyingine, injini ikiwa imepoa.

Utunzaji wa kila siku hauna mengi. Matope yaliyokwama kati ya pedeli na kifuniko yatolewe, kwa sababu yakikauka huwa kama msasa chini ya buti. Mashine ya maji ya nguvu isielekezwe kwenye kiungio. Na kwa kuwa askari wetu hupenda kusugua kila kitu mpaka kimete, nawaonya juu ya sabuni kali za magadi: sura ngumu ya alumini ile haistahimili magadi, huliwa ikawa na mabaka meupe. Maji na sabuni ya kawaida vinatosha. Dereva naye aache tabia ya kuishikilia klachi nusu nusu anapopanda mlima, kwa kuwa hakuna kifuniko kinachoweza kumwokoa na mkono wake mwenyewe.

Wengi kati ya wasomaji wetu, hasa wa polisi, watakabidhiwa si za michezo bali zile nzito za kazi, ambazo hazina mkono wa klachi. Katika nyingi za hizo nguvu hupita katika mkanda wa mpira unaozunguka baina ya puli mbili, nazo zimefunikwa kwa kifuniko kikubwa, mara nyingi cha plastiki. Huyu ni mnyama mwingine kabisa. Humo ndani hamtakiwi mafuta hata tone, wala maji. Mkanda ukilowa huteleza. Hupozwa kwa hewa inayoingia kwa bomba moja na kutoka kwa jingine, basi mtu asitoboe kifuniko kwa nia ya kukiongezea hewa, maana katika mto wa kwanza atakuwa amekiongezea maji. Vifuniko vya badala vya alumini vipo kwa hizi pia, na kinachoangaliwa ni ule mpira wa pembeni ukae sawasawa katika mfereji wake, na klipu za mabomba zikaze. Chini yake mara nyingi kuna kizibo: baada ya kuvuka maji kifunguliwe, yaliyoingia yatoke, kisha chombo kikiwa huru bila gia injini iendeshwe kidogo mpaka mkanda ukauke. Na injini isiwashwe kamwe kifuniko kikiwa wazi. Mkanda ukikatika katika mwendo ule, kifuniko ndicho kinachosimama baina yake na mguu wa mtu.

Narudi korongoni. Nilimwuliza Sajini, je, dereva wetu angeweza kufanya nini usiku ule? Akasema: angezima mara baada ya kuanguka na kuzunguka chombo chake kwa tochi, dakika 2 tu. Wapo wanaoziba tundu kwa kipande cha sabuni, na kwa tangi la petroli sabuni husaidia. Kwa mafuta ya moto huyeyuka kabla ya kilima cha kwanza. Kinachofaa ni ile gundi ya chuma ya sehemu mbili zinazochanganywa, aina inayoganda upesi, ambayo kipande chake hakizidi kidole gumba na hukaa ndani ya mfuko wa spana pamoja na oringi mpya, bolti mbili za ziada na kopo la mafuta. Mahali palipotoboka hukwanguliwa mpaka madini yaonekane, hupanguswa kwa petroli pakakauka kabisa, gundi hukandwa na kusukumwa tunduni itokeze kwa ndani kidogo, kisha dereva hukaa chini akangoja igande kwa muda ulioandikwa kwenye pakiti, hata kama anaona kuwa hana muda. Mafuta hutiwa baada ya hapo.